Kansa ya puru iliyo chini kabisa: kwanini mionzi na kemo kwanza, kwanini wasikate moja kwa moja?

mtoto_wa_mwisho
Wakuu salaam. Mzee wetu, miaka 61, amekutwa na kansa kwenye puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo karibu kabisa na njia ya haja kubwa. Uvimbe uko kama sentimita 4 kutoka mlangoni. Biopsi imerudi ni kansa kweli, MRI ya nyonga imefanyika, siti skani ya kifua na tumbo haijaonyesha kitu kwenye ini wala mapafu. Sisi akilini tulishajua ni kisu, tukaambiwa hapana, kwanza mionzi na vidonge vya kemo wiki tano na ushee, halafu kemo ya dripu miezi kadhaa, halafu anapimwa upya ndo waamue upasuaji. Familia imegawanyika hapo. Kaka mkubwa anasema kitu kibaya kikiwa mwilini kinatolewa leo, sio mwakani. Dada anasema tumsikilize daktari. Mzee mwenyewe amenyamaza anatusubiri sisi utadhani mwili ni wetu. Naomba kueleweshwa, hii tiba ya kabla ya upasuaji inafanya kazi gani hasa? Na kusubiri kote huko si ndo kansa inapata nafasi ya kutembea?

Bishoo wa Mtaa
Naweka kambi hapa, wajuzi waje.

Mjuba77
Mimi nipo na kaka mkubwa asilimia zote. Mashine ya mionzi ikishanunuliwa lazima ipate watu wa kulala chini yake, msiniulize zaidi. Mjomba wangu alikutwa na kansa ya utumbo, wakamkata mapema, kemo baadaye, na mpaka leo anadunda na kelele zake zote. Mpeleke mzee akatwe.

Kisu Butu
Mjuba77 kansa ya mjomba ilikuwa sehemu gani? Kama ni utumbo mpana kule juu tumboni hatubishani, wengi wao wanakatwa kwanza. Puru ya chini ni habari nyingine kabisa. Niko kwenye mafunzo ya upasuaji, bado nashikiliwa mkono, ila hili naliona karibu kila wiki.

Ukishuka chini ya nyonga unafanyia kazi ndani ya faneli ya mifupa. Mbele kuna kibofu na tezi dume au uke, pembeni kuna mishipa ya fahamu ya mkojo na ya tendo la ndoa, nafasi ya mkono hamna. Kule juu kidogo puru imezungukwa na mafuta, wenyewe wanaita mesorektamu, na tezi za limfu zimo humo. Upasuaji mzuri ni kutoa puru na mafuta yake yakiwa kifurushi kizima bila kukipasua, hiyo mbinu Bill Heald wa Uingereza aliiandikia mwaka 1982 na ikawa ndo kipimo cha dunia nzima. Sasa kasheshe ni kwamba zile sentimita chache za mwisho mafuta yanazidi kuwa membamba mpaka yanaisha, puru inalala moja kwa moja juu ya misuli ya sakafu ya nyonga. Uvimbe ukitoboa ukuta kidogo tu tayari uko kwenye njia ya kisu. Kikishatolewa, mtu wa maabara akikuta kati ya kansa na ukingo wa kile kipande kuna milimita 1 au pungufu, hapo hesabu ni kwamba ukingo umeguswa, na uwezekano wa kansa kuota tena palepale unapanda sana. Kwa macho yangu mimi kazi ya kwanza ya mionzi na kemo ni kuuondoa uvimbe kwenye huo ukingo kabla hatujaingia.

Takwimu Baridi
Nakazia kwa namba. Uswidi walitoa majibu yao 1997, mionzi siku tano, grei 25 kwa jumla (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), halafu upasuaji ndani ya wiki moja. Baada ya miaka mitano kansa ilirudi kwenye nyonga kwa 11% ya waliopigwa mionzi, waliokatwa tu 27%. Waliokuwa hai miaka mitano 58% kwa 48%. Kwa hiyo mionzi kabla inarefusha maisha, haina mjadala.

Kisu Butu
Takwimu usikimbie hivyo, mjadala upo. Hao Waswidi wengi walikatwa kwa mbinu za zamani. Waholanzi wakarudia, majibu yao yakatoka 2001, safari hii wote wakikatwa kwa mtindo wa Heald, na kurudi kwa kansa miaka miwili ikawa 2.4% waliopata mionzi na 8.2% ambao hawakupata. Kwenye kuishi hakukuwa na tofauti. Maana yake kisu kilipoboreka, kile mionzi ilichokuwa inaokoa kikapungua, kikabaki hiki cha kuzuia isirudi kwenye nyonga.

Takwimu Baridi
Sawa nimekupata. Ila kurudi kwenye nyonga usikuchukulie poa, muulize aliyemuuguza mtu wa hivyo. Maumivu yake ya mgongo na miguu hayaelezeki, na kukata mara ya pili ni shughuli nzito ambayo wengi hawaifikii.

mama_wawili
Kweli tupu. Baba watoto wangu hakurudiwa ila jirani kitandani alikuwa na hali hiyo, hakuweza hata kukaa.

Mjuba77
Mmeongea vizuri ila hamjajibu. Kama mionzi ina faida hiyo, si akatwe kwanza ndo apigwe baadaye kusafisha mabaki? Kwanini kabla?

Nesi wa Zamu
Hilo Wajerumani walilijibu 2004. Waligawa watu, wengine mionzi na kemo kabla, wengine baada. Miaka mitano kansa ilirudi kwenye nyonga 6% kwa waliotangulizwa na 13% kwa waliosubirishwa. Kuishi sawasawa. Na madhara makali yalikuwa machache kwa waliotangulizwa, 27% kwa 40%. Sababu ukikaa chumba cha mionzi unaiona. Kabla ya upasuaji tunamwambia mgonjwa anywe maji ajaze kibofu, kibofu kikijaa kinausukuma utumbo mwembamba juu unakaa mbali na miale. Baada ya upasuaji puru haipo, ule utumbo mwembamba unadondoka nyongani na kugandia hapo, ukipiga mionzi unapiga nao. Halafu kidonda kikichelewa kupona, yale matibabu ya baadaye mtu hayafikii au anayakatisha.

Tena nyama ambayo haijaguswa na kisu ina damu ya kutosha, na mionzi inafanya kazi vizuri penye oksijeni.

Kipepeo Mweusi
Naongea kama mgonjwa, sio mtaalamu. Mimi niliambiwa sababu tofauti kabisa na hizo zenu. Wangu ulikuwa chini, daktari wa kwanza akasema unatolewa na mlango wote, nitabaki na mfuko tumboni maisha yangu yote. Nikapelekwa kwenye mionzi na vidonge vya kemo vya capecitabine, ukasinyaa, wakaweza kuniunga kule chini, mfuko ukawa wa muda tu mpaka maungio yapone. Kwa hiyo kwangu mimi ile tiba iliokoa njia yangu ya haja. Ila niseme na upande wa pili maana huwa hausemwi, choo changu hakikurudi kama zamani. Nikienda mara moja narudi tena muda si mrefu, na tena, haja ikibana sina dakika za kusubiri, usiku sijiamini bila pedi. Sijuti, ila ningependa mtu angenikalisha chini akaniambia mapema.

Kisu Butu
Pole dada Kipepeo na asante kwa kuusema wazi huo upande, ndo sehemu tunayoiruka kliniki kwa sababu foleni ni ndefu.

Ila wadau hii sababu ya "kuokoa mlango" ndo tamu kuliko zote na ndo yenye ubishi kuliko zote. Kwenye huohuo utafiti wa Wajerumani, ukichukua wale ambao daktari wao alisema mwanzoni kwamba lazima mlango utolewe, misuli inayobana choo iliokolewa kwa 39% ya waliotangulizwa tiba na 19% ya wengine. Inavutia. Lakini ukiwachukua wagonjwa wote, jumla ya waliobaki na mlango ilikuwa karibu sawa pande zote. Wako walimu wangu wanasema siku hizi tunakubali kukata sentimita 1 tu ya puru isiyo na kansa chini ya uvimbe, wakati mwingine pungufu, kwa hiyo ni wapasuaji waliolegeza masharti, sio mionzi. Na kama uvimbe umeingia ndani ya misuli yenyewe, kusinyaa hakukuhakikishii kwamba misuli iko salama.

Bishoo wa Mtaa
Kwa hiyo dada Kipepeo kaokolewa na mionzi au na daktari mwenye moyo?

Kipepeo Mweusi
Bishoo we kaa kimya kwenye kambi yako 😂

mama_wawili
Mimi wa kwangu mlango ulitolewa, mfuko wa kudumu, na nataka mtoto_wa_mwisho asikie hili kabla familia haijaanza kulia. Kabla ya upasuaji nesi wa mifuko alikuja na kalamu. Akamwambia asimame, akae, ainame kama anafunga viatu, avae suruali yake ya kila siku afunge mkanda. Akawa anaangalia tumbo linakunjika wapi na mkanda unapita wapi, ndo akaweka alama. Kitu kidogo lakini mfuko ukikaa kwenye mkunjo unavuja kila siku na mtu anajifungia ndani. Wa kwetu unakaa vizuri, anaendesha gari, anaswali, anagombana na watoto kama kawaida. Wa kwetu tulilalamikia kidonda cha nyuma zaidi kuliko mfuko. Kilichelewa sana kufunga na walituambia mionzi inachangia.

Mjuba77
Hatimaye mtu kasema madhara.

Nesi wa Zamu
Madhara yapo na hatuyafichi Mjuba. Kuharisha, kukojoa kwa maumivu, ngozi ya chini kuungua wiki za mwisho. Capecitabine inaleta wekundu na kuchubuka viganja na nyayo. Oxaliplatin ya dripu ina vituko vyake, mtu akishika chuma cha baridi au akifungua friji vidole vinampiga kama shoti, akinywa maji baridi koo linakuwa kama linajifunga. Wengine ganzi ya vidole inabaki miezi mingi. Na wanawake ambao bado wanapata siku zao, mionzi ya nyonga inamaliza mayai, kizazi nacho hakibaki salama, wanaume mbegu zinaathirika na nguvu pia. Mwenye mpango wa watoto aseme KABLA ya kuanza, mbegu au mayai yahifadhiwe kama huduma ipo.

mtoto_wa_mwisho
Asanteni sana, nasoma kila neno. Mzee mwenyewe jana kaongea kwa mara ya kwanza, kauliza kitu kilichotushangaza wote: "je ukiisha wote na hizo dawa, bado nitakatwa?" Kaka akacheka, daktari hakucheka. Akasema tutaongea vipimo vikirudi. Hii ipo kweli?

Kobe Mkimbizi
Ipo na mimi ni mmoja wao. Wangu baada ya mionzi na kemo haukuonekana, sio kwa kidole, sio kwa kamera, sio kwa MRI. Palibaki kovu jeupe tu. Nikaambiwa nina njia mbili, kukatwa kama ilivyopangwa au kusubiri huku nachungulikwa kwa ukaribu. Nilichagua kuchungulikwa. Aliyeianza hii kwa utaratibu ni mama mmoja wa Brazili, Angelita Habr-Gama wa São Paulo, taarifa yake iliyotikisa watu ni ya 2004, na alipingwa sana.

Nawaambia kabisa sio msamaha wa bure. Kila baada ya miezi michache kidole, kamera, MRI, kipimo cha damu cha CEA, alama ya kansa kwenye damu. Ukikosa kliniki umejichimbia mwenyewe.

Mjuba77
Yaani una kansa mnakaa mnaiangalia. Tiba ya karne.

Takwimu Baridi
Mjuba cheka ila soma kwanza. Taarifa ya pamoja ya nchi nyingi iliyotoka 2018 ilikuwa na watu 880 wa aina ya Kobe. Ndani ya miaka miwili robo yao uvimbe uliota tena, na karibu zote ziliota kwenye ukuta wa puru palepale, mahali kidole na kamera vinafika. Ndo maana wanachungulika sana miaka miwili ya mwanzo. Wengi wa walioota tena walikatwa baadaye. Swali ambalo bado linaumiza watu vichwa ni kama wale walioota tena wana hatari zaidi ya kansa kusambaa mapafuni au ini kuliko kama wangekatwa mwanzoni, au walikuwa na kansa kali tangu siku ya kwanza.

Kisu Butu
Na hapa ndo mpangilio wa mzee wa mtoto_wa_mwisho unapoingia, mionzi kwanza halafu kemo ya dripu. Wamarekani kwenye utafiti wa OPRA waligeuza mpangilio, kundi moja kemo kwanza, jingine mionzi kwanza. Walioanza na mionzi kisha kemo zaidi ya nusu walibaki na puru zao baada ya miaka mitatu, walioanza na kemo walikuwa kama 4 kati ya 10. Kansa kusambaa hakukutofautiana. Maelezo mojawapo ni muda tu, mionzi inaendelea kuua seli wiki nyingi baada ya mashine kuzimwa.

Daktari Mtarajiwa
Nyie wote mnazunguka. Sababu kuu siku hizi ni moja, kuua mbegu za kansa zilizokwisha tawanyika ambazo siti skani haizioni. Watu hawa hawauawi na nyonga, wanauawa na ini na mapafu. Ndo maana kemo yote imeletwa mbele, kwa sababu baada ya upasuaji nusu hawaimalizi. Wafaransa kwenye PRODIGE 23 walitanguliza kemo kali, kisha mionzi, kisha kisu, na miaka mitatu 76% walikuwa hai bila ugonjwa, kwa utaratibu wa kawaida 69%.

Takwimu Baridi
Mtarajiwa uko sawa nusu. Watafiti wa RAPIDO nao walileta kemo mbele, mionzi ya siku tano kisha kemo ndefu kisha kisu, ugonjwa kusambaa ulipungua kweli na uvimbe uliopotea kabisa ukawa 28% badala ya 14%. Walipofuatilia miaka mitano wakakuta kansa kurudi nyongani ni 10% kwa hao, na 6% kwa waliopata mionzi ya muda mrefu. Umeziba huku kumevuja kule.

shangazi_wa_mjini
Mbona nimesikia Marekani wameacha mionzi kabisa wanatumia kemo tu? Huyo mzee anapigwa mionzi ya nini?

Kisu Butu
Shangazi huo ni utafiti wa PROSPECT wa 2023. Walitoa kemo ya FOLFOX, mchanganyiko wa dripu wenye oxaliplatin, mionzi wakaiweka kwa wale tu ambao uvimbe haukusinyaa vya kutosha, na miaka mitano 80.8% hawakuwa na ugonjwa, wenzao wa mionzi 78.6%. Safi. Lakini waliochukuliwa ni wale ambao mlango ungebaki tangu mwanzo, uvimbe wa chini unaotishia misuli haukuingizwa. Sentimita 4 ya mzee huwezi kuibeba ukaiweka humo.

Daktari Mtarajiwa
Na Japani kwa miaka mingi wamekuwa wanakata kwanza bila mionzi, ila wanafuata na tezi za pembeni ya nyonga ambazo wengine tunaziacha. Utafiti wao, kansa kurudi nyongani 7.4% waliotolewa hizo tezi na 12.6% ambao hawakutolewa.

Mjuba77
AHAA. Wajapani wako na kaka mkubwa!

Kisu Butu
Wajapani wako na kaka mkubwa kama kaka mkubwa ana mpasuaji wa Kijapani.

Bishoo wa Mtaa
😂😂😂 uzi umenoga

Nesi wa Zamu
Kabla sijaenda zamu, mtoto_wa_mwisho muulize daktari kama ile biopsi ilipimwa MMR, yaani kama uwezo wa seli kurekebisha makosa ya DNA umepungua. Ni wachache, kati ya 5 na 10 kwa kila 100, lakini wakikutwa na upungufu huo njia inabadilika kabisa. Mwaka 2022 New York, hospitali ya kansa ya Memorial Sloan Kettering, waliripoti kuwapa watu 12 wa aina hiyo dawa ya kuamsha kinga, dostarlimab, bila mionzi bila kisu, na wote 12 uvimbe ulipotea. Kwa hiyo kuanza mionzi bila kujua hilo ni kuharakisha bure.

mtoto_wa_mwisho
Hilo hatukuambiwa, naliandika. Na lile la kusubiri kansa isitembee?

Kisu Butu
Wapo wachache ambao uvimbe haushtuki na tiba, hata unakua. Ndo maana kuna kupimwa katikati, sio kumwacha mtu mpaka mwisho. Na kama choo kimeanza kuziba wanamtolea njia tumboni kwanza ndo tiba ianze. Lakini kansa hii kwa kawaida haikimbii kwa wiki, na mzee anatibiwa wakati huo, hayuko nyumbani anasubiri. Kilichowachelewesha wengi ninaowaona ni damu kwenye choo iliyotibiwa kama bawasiri bila mtu kuingiza kidole.

shangazi_wa_mjini
Hapo kwenye bawasiri umenigusa, nina mtu anapaka dawa mwaka mzima.

Nesi wa Zamu
Shangazi akapimwe wiki hii.

Mlalahoi Msomi
Samahani kudandia. Mama yangu wake ni mdogo, MRI imesema T2, yaani haujatoka nje ya misuli ya ukuta wa puru, tezi safi, sentimita 3 kutoka mlangoni. Naye kaambiwa mionzi na kemo. Kwa maelezo ya Kisu Butu ukingo hauguswi, sasa ya nini?

Kisu Butu
Kwa T2 yenye tezi safi kwa ajili ya kansa tu anaweza kukatwa moja kwa moja, mionzi hailazimiki. Ningeuliza kwanini.

Kobe Mkimbizi
Mimi nakujibu kwanini. Kukata moja kwa moja kwa sentimita 3 maana yake karibu hakika mlango unaondoka. Wanampa nafasi ya kubaki nao, na uvimbe mdogo ndo unaopotea kirahisi.

Kisu Butu
Na usipopotea mama atakuwa amebeba madhara ya mionzi NA kisu, kwa ugonjwa ambao kisu peke yake kingeumaliza.

Takwimu Baridi
Hapo ndo madaktari wenyewe wanagombana kwenye vikao. Mlalahoi, mama mwenyewe anasemaje kuhusu mfuko?

Mlalahoi Msomi
Hatujamuuliza bado.